Aliyeiba mashine ya mtumbwi wangu ameongoka kwa sala: je, huruma ya Mungu inafuta na deni langu?

#1 Tajiri wa Igombe

Habari za jioni, wanajukwaa. Nina jambo linalonisumbua, nami naomba mawazo ya watu wa madhehebu yote, hasa wale wanaosoma Maandiko kwa utulivu.

Ninamiliki mitumbwi ya dagaa hapa Igombe, Mwanza, kando ya Ziwa Victoria. Miaka kadhaa iliyopita kijana niliyemwamini, ambaye nilimkabidhi hata funguo za stoo ya kambi, aliondoka na mashine ya nguvu za farasi 15 mwishoni mwa kipindi cha giza, yaani usiku usio na mbalamwezi ambao ndio wa kuvua dagaa, wakati wenzake wamekwenda makwao kupisha mbalamwezi. Tulisikia kwamba aliiuza visiwani. Kesi iliandikishwa, ikalala. Mtumbwi ulikaa mchangani hadi mbao zikaachana, na ada ya shule ya watoto nikaipata kwa kukopa.

Sasa kijana huyo amerudi. Pombe ameacha, anasali Rozari ya Huruma ya Mungu kila siku saa tisa alasiri, na hata mimi nisiyempenda ninaona kwamba amebadilika kweli, kwa maana aliyekuwa akishika kisu kwa neno dogo sasa anatukanwa mwaloni, pale mitumbwi inapofikia, akanyamaza. Alikuja nyumbani na mwenyekiti wa jumuiya yake ya Kikatoliki, akapiga magoti mbele ya mke wangu, akalia, akaomba msamaha, akatuachia picha ndogo yenye maneno "Yesu, nakutumainia". Nilipomuuliza habari za mashine, alinijibu kwa upole kabisa kwamba Mungu amekwisha kumfutia yote.

Swali langu ni hili: Mungu akimsamehe mtu aliyeniibia mimi, je, na mimi nimelipwa?

#2 Mpole wa Nyakato

Pole sana, mkuu. Samehe, utabarikiwa zaidi ya mashine hiyo.

#3 Kijana wa Kirumba

Mpole wa Nyakato, wewe ni mwepesi kusamehe mashine za watu wengine. Tupe kwanza ya kwako.

#4 Katekista Mstaafu

Salamu kwa wote. Kwa kuwa kijana huyo anatumia ibada ya Kanisa langu, ni vema nieleze ibada hiyo inafundisha nini, kwa maana naona ameshika nusu yake.

Ibada hii kwa sura tunayoijua leo imetoka kwa Mtakatifu Faustina Kowalska, mtawa wa Poland aliyezaliwa mwaka 1905 na kufariki mwaka 1938 akiwa na umri wa miaka 33. Mwaka 1931 akiwa Kraków alimwona Yesu amevaa vazi jeupe, miale miwili ikitoka moyoni, mmoja mwekundu na mwingine mweupe, akaagizwa picha hiyo ichorwe. Papa Yohane Paulo II alimtangaza mtakatifu tarehe 30 Aprili 2000, na siku hiyohiyo akatangaza kwamba Dominika ya pili ya Pasaka iwe Dominika ya Huruma ya Mungu kwa Kanisa lote. Rozari yenyewe husaliwa kwa tasbihi ya kawaida, na kila punje ndogo tunasema, "Kwa ajili ya mateso makali ya Yesu, utuhurumie sisi na dunia nzima."

Lakini hakuna mahali ambapo Kanisa limefundisha kwamba huruma hiyo inamwondolea mwizi wajibu wa kurudisha. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 1459, inasema wazi kwamba ondoleo la dhambi haliponyi madhara yote yaliyoletwa na dhambi, na mfano wake wa kwanza wa kurekebisha madhara ni kurudisha vitu vilivyoibwa. Padre anayejua kazi yake atamuuliza kijana huyo swali lilelile ulilomuuliza wewe.

#5 Mwenyeji wa Butiama

Ahsante, Katekista. Sahihisho dogo kwa faida ya wasomaji: njozi ya tarehe 22 Februari 1931 ilitokea Płock, si Kraków. Kraków ndiko alikofia na kuzikwa, na picha ya kwanza ilichorwa Vilnius mwaka 1934 na Eugeniusz Kazimirowski. Wengi wanachanganya kwa sababu picha iliyosambaa zaidi duniani ni ile ya Adolf Hyła, ambayo ndiyo iko Kraków.

Kwa wanaoishi kanda hii, si lazima kwenda Poland. Kituo cha hija cha Huruma ya Mungu kiko Kiabakari, Jimbo la Musoma, na ukitoka Mwanza asubuhi kwa basi la Musoma unafika mapema kabisa.

#6 Mlokole wa Pasiansi

Bwana Yesu asifiwe. Ninampinga Katekista. Mwizi aliyesulubiwa pamoja na Bwana alilipa nini? Hakurudisha hata senti, akaambiwa, "Leo hivi utakuwa pamoja nami peponi." Ukianza kudai malipo baada ya rehema, umeigeuza neema kuwa biashara. Kijana ameokoka, yaliyopita yamekuwa si kitu.

#7 Kijana wa Kirumba

Mlokole, yule wa msalabani alikuwa amepigiliwa misumari. Huyu wa Igombe ana mikono miwili, na nasikia anavuta nyavu vizuri tu.

#8 Mzee wa Makongoro

Kijana, umecheka lakini umesema jambo. Mimi ni mzee wa kanisa wa AIC (Africa Inland Church), na kwetu tunashikilia kwamba rehema ni ya Mungu mwenyewe, amrehemu amtakaye, kama ilivyoandikwa katika Warumi 9, wala hakuna saa ya mchana inayoifanya kuwa nyingi zaidi. Hata hivyo Zakayo mtoza ushuru hakuambiwa alipe. Alisimama mwenyewe, akasema atarudisha mara nne, ndipo Bwana akasema kwamba wokovu umefika nyumba ile. Malipo hayakununua rehema, ila yalionyesha kwamba imeingia ndani. Mahali ambapo hapana dalili hiyo, mimi husubiri kwanza kabla sijasema "haleluya".

Na kwa kuwa Katekista ametupa historia, aimalizie. Je, si kweli kwamba Roma yenyewe iliipiga marufuku ibada hiyo?

#9 Katekista Mstaafu

Ni kweli, Mzee wangu, wala si siri. Mwaka 1959 ilitoka amri ya kuzuia kueneza picha na maandiko kwa namna alivyoyaeleza Faustina, na zuio hilo likaondolewa tarehe 15 Aprili 1978. Kati ya walioshughulikia kulifuta alikuwamo Askofu Mkuu wa Kraków, Karol Wojtyła, ambaye miezi sita baadaye alichaguliwa kuwa Papa, ndiye Yohane Paulo II. Yeye alifariki tarehe 2 Aprili 2005, usiku wa kuamkia Dominika hiyohiyo ya Huruma. Wapo wanaosema ni sadfa, na mimi sitawalazimisha.

Kuhusu dalili ninakubaliana nawe moja kwa moja, jambo ambalo si la kila siku.

#10 Hesabu Kwanza

Ninyi wote mmekubali jambo ambalo halijathibitishwa, yaani kwamba ni sala iliyombadilisha. Vijana wengi wa kambini huacha pombe na kisu wakifika miaka thelathini, wakioa, au wakichoka kulala baridi. Mmoja akiwa ameshika tasbihi wakati anachoka, sifa inakwenda kwa tasbihi.

Sala imewahi kupimwa. Mwaka 2006 yalichapishwa Marekani matokeo ya utafiti uliohusisha wagonjwa 1,802 wa upasuaji wa moyo. Kundi la kwanza liliombewa bila kujua kwa hakika, la pili halikuombewa, na la tatu liliombewa na likaambiwa hivyo. Waliopata matatizo baada ya upasuaji walikuwa asilimia 52 katika kundi la kwanza, asilimia 51 katika la pili, na asilimia 59 katika la tatu. Maana yake, waliojua wanaombewa walipata shida zaidi. Nawasilisha.

#11 Muuguzi wa Zamu ya Usiku

Hesabu Kwanza, tarakimu zako ni sahihi, lakini tazama walichokipima. Waombaji walipewa jina la kwanza la mgonjwa na herufi moja ya jina la ukoo, pamoja na sentensi iliyoandaliwa ya kuingiza katika sala zao, kisha wakaomba kwa siku 14 bila kumwona mtu huyo. Tena watafiti hawakuwa na njia ya kuwazuia ndugu wa wagonjwa wa kundi la pili wasisali majumbani mwao. Hiyo si sala ya mama anayemshika mwanawe mguu usiku kucha.

Nimefanya kazi wodini miaka mingi na nimeona pande zote mbili. Nimeona ndugu waliokuwa wakisali rozari kando ya kitanda, na ndio haohao waliokumbuka saa ya dawa kabla yangu, waliouliza mkojo una rangi gani, waliomgeuza mgonjwa asipate vidonda vya mgongo. Pia nimeona mgonjwa wa kisukari akitolewa wodini kwa sababu mtu ameahidi kumwombea, akarudishwa baada ya wiki na mguu mweusi ambao hapakuwa na la kufanya ila kuukata. Kwa macho yangu, sala inayomsogeza mtu karibu na mgonjwa ina nguvu, na ile inayompeleka mbali naye ina nguvu pia, lakini ya kuua. Kuhusu inayotokea mbinguni sina kipimo, na ninasali hivyohivyo.

#12 Hesabu Kwanza

Muuguzi, hapo umeieleza sala bila kumhitaji Mungu. Ninakushukuru.

#13 Muuguzi wa Zamu ya Usiku

Sikusema hivyo, kaka, na unajua kwamba sikusema hivyo.

#14 Msomaji Kimya

Huwa sichangii, lakini hapa kuna fundo la zamani. Hesabu 23:19 inasema Mungu si mtu hata ajute, ilhali katika 2 Wafalme 20 Hezekia aliyeambiwa atakufa aligeuka ukutani, akaomba na kulia, akaongezewa miaka 15. Je, Mungu alibadili nia au hakubadili? Thomas wa Akwino, mwanateolojia wa zamani, alijibu kwamba hatusali ili kubadili mpango wa Mungu, bali ili tupate yale ambayo Mungu alipanga yapatikane kwa njia ya sala, kwa hiyo sala imo ndani ya mpango tangu mwanzo. Jibu hilo ni la kiungwana sana, lakini ninakiri kwamba halimtoshi mtu aliyeomba asipewe. Daudi alifunga na kulala chini kwa ajili ya mtoto wake, na siku ya saba mtoto akafa. Paulo aliomba mara tatu mwiba utolewe, akaambiwa, "Neema yangu yakutosha."

#15 Mlokole wa Pasiansi

Mnasoma sana, ndiyo maana mnachoka. Shuhuda zipo. John Newton alikuwa nahodha wa meli ya watumwa, ikampiga dhoruba kali baharini mwaka 1748, akamlilia Mungu amrehemu, na palepale akaachana na biashara hiyo, akawa mchungaji na mtunzi wa nyimbo ambazo dunia nzima inaimba. Sala ya dakika moja!

#16 Mzee wa Makongoro

Ndugu yangu katika Bwana, hapo pana kosa ambalo limehubiriwa mara nyingi mno. Wakati wa dhoruba ya 1748 Newton hakuwa nahodha. Unahodha wa meli za watumwa aliupata baada ya kuongoka, akaendelea na safari hizo hadi mwaka 1754, alipozuiwa na ugonjwa. Alipewa upadre wa Kianglikana mwaka 1764, na kijitabu chake cha kuilaani biashara ya watumwa kilitoka mwaka 1788. Tangu dhoruba hadi kijitabu ni miaka arobaini.

Sisemi kwamba sala yake ilikuwa ya uongo. Ninasema kwamba alisali, akarehemiwa, akaendelea kufunga watu minyororo huku akisoma Biblia chumbani kwake, na ilichukua nusu ya maisha yake hadi rehema ile kufika mikononi. Tajiri wa Igombe asikatae wongofu wa kijana kwa sababu mashine bado haijarudi, na kijana naye asidhani kwamba kazi imekwisha.

#17 Kijana wa Kirumba

Mzee, Tajiri akisubiri miaka arobaini, mashine hiyo italipwa kwa wajukuu.

#18 Mpole wa Nyakato

Mbona mnasahau mkono wa Mungu hapa kwetu ziwani? Katika ajali ya MV Bukoba fundi mmoja alikaa ndani ya kivuko kilichopinduka siku mbili, akatolewa mzima kwa maombi ya Watanzania. Huyo naye mtasema amechoka kulala baridi?

#19 Mwana Ukara

Mpole, hiyo si MV Bukoba. MV Bukoba ilizama tarehe 21 Mei 1996 karibu na Mwanza. Unayoisema ni MV Nyerere, iliyopinduka tarehe 20 Septemba 2018 hapa kwetu Ukara, siku ya Alhamisi, siku ya gulio, ikiwa karibu sana na gati. Waliofariki walikuwa zaidi ya 220. Fundi aliokolewa Jumamosi kutoka chumba cha injini, na sote tulilia kwa furaha katikati ya kilio.

Lakini nakuomba, kwa heshima zote, usiseme kwamba aliokolewa kwa maombi ya Watanzania kana kwamba waliobaki ndani hawakuombewa. Nilisimama ufukweni na wanawake waliokuwa wakisali kwa sauti tangu jua likiwa juu, Wakatoliki, Waadventista, Waislamu, kila mmoja kwa namna yake, huku miili ikipangwa kwenye nyasi na kufunikwa khanga walizozivua wenyewe mabegani. Mmoja alikuwa akinyanyua pindo la kila khanga akitafuta viatu vya binti yake, kwa kuwa nyuso zilikuwa zimeanza kuvimba. Alikuwa akisali huku akinyanyua. Mtu akija kumwambia kwamba huruma ya Mungu ilimfikia mmoja kwa sababu ya maombi, atakuwa amemwambia pia kwa nini haikumfikia binti yake.

Bwana Yesu mwenyewe alitaja habari za watu 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu. Alikataa kabisa kusema kwamba walikuwa wakosaji kuliko wengine. Hakueleza kwa nini. Mimi naona kutokueleza kwake ni kwa haki zaidi kuliko maelezo yetu.

#20 Muuguzi wa Zamu ya Usiku

Pole, Mwana Ukara.

#21 Hesabu Kwanza

Pole, ndugu. Kwa hili sina la kubishana.

#22 Mama wa Mabatini

Shikamooni wakubwa. Nimesoma uzi wote, na ninataka kusema jambo la nyumbani.

Mume wangu alikuwa mlevi wa kupindukia. Nilimwombea kwa miaka, na kwa muda mrefu sala yangu ilikuwa mashitaka tu: "Bwana, mwone huyu, mtengeneze huyu." Siku moja mama mmoja mzee wa jumuiya yetu alinishauri niache kutaja makosa yake na niombe huruma kwa sisi wote wawili. Nilikasirika, kwa sababu mlevi alikuwa yeye. Hata hivyo nilijaribu, na jambo la kwanza lililobadilika ni kwamba niliacha kumfungia chakula kabatini. Nilikuwa nikikifungia ili alale njaa. Sikuwa nimewahi kuliona hilo kuwa ni dhambi hadi nilipoanza kusema "utuhurumie sisi".

Mnataka kujua kama aliacha pombe. Alipunguza, kisha akarudia, kisha akapunguza tena, na hadi leo ndivyo tulivyo. Mtakatifu Monika alimlilia mwanawe Augustino miaka kumi na saba hivi, naye akabatizwa Milano usiku wa Pasaka mwaka 387. Mimi sijafika Milano. Lakini kabati liko wazi.

#23 Kijana wa Kirumba

Mama, hapo umetunyamazisha hata sisi wenye midomo.

#24 Binti wa Muleba

Ahsante, Mama wa Mabatini. Nirudi kwenye mashine. Ng'ambo yetu ya ziwa swali hili si jipya. Uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930 ukavuka hadi kwetu Bukoba, uliwakuta babu zetu, na alama yake kubwa ilikuwa watu kuungama hadharani kisha kurudisha. Askofu Josiah Kibira, Mwafrika wa kwanza kuwa Rais wa Shirikisho la Kilutheri la Dunia, kuanzia mwaka 1977, alikuwa mtoto wa uamsho huo.

Babu yangu alipookoka alipeleka jembe na mbuzi kwa jirani ambaye hata hakuwa na habari kwamba aliibiwa, kwa kuwa alidhani mbuzi ameliwa na fisi. Nyanya alikuwa akisimulia kwamba jirani alikataa kumpokea mbuzi kwa hofu, akidhani ni uchawi. Katika Uamsho hakuna aliyemwambia mwizi "Mungu amekufutia, nenda zako." Ndugu walimsindikiza mpaka mlangoni kwa mwenye mali, wakasimama naye wakati anatoa. Kwa hiyo ningependa kumuuliza yule mwenyekiti wa jumuiya aliyekuja Igombe: alikuja kumsindikiza kijana alipe, au alikuja kushuhudia machozi?

#25 Jirani wa Msikitini

Nikiruhusiwa neno moja. Kwetu pia inafundishwa kwamba Mwenyezi Mungu husamehe haki zake, lakini haki ya mja inabaki hadi irudishwe au mwenyewe asamehe. Ninaona wengi humu mmefika palepale kwa njia nyingine. Endeleeni.

#26 Mlokole wa Pasiansi

Karibu, jirani. Lakini mmeanza kumlemea kijana hadi nimemhurumia. Mtu asiye na kitu atarudisha nini? Hata kwa Wakatoliki, Teresia wa Mtoto Yesu alipokuwa na umri wa miaka 14, mwaka 1887, alimwombea Pranzini, muuaji wa watu watatu huko Paris. Pranzini alikataa kuungama, lakini dakika za mwisho, chini ya mashine ya kukata kichwa, aliuomba msalaba akaubusu. Hakuwafufua aliowaua. Hapo tuseme rehema ilikuwa pungufu?

Na Tajiri asome Mathayo 18, mtumwa aliyesamehewa talanta elfu kumi, akaenda kumkaba koo mwenzake kwa dinari mia.

#27 Msomaji Kimya

Mlokole, mfano wa Pranzini ni mzito, na naona haujajibiwa. Lakini katika Mathayo 18 tazama hesabu. Talanta moja ilikuwa kama dinari 6,000, na dinari ilikuwa ujira wa kutwa wa kibarua, kama tunavyoona katika wale wa shamba la mizabibu. Kwa hiyo dinari mia ni zaidi ya miezi mitatu ya kazi. Bwana hakusema kwamba deni la mwenzako ni dogo. Alilitaja kiasi ambacho mtu maskini akikikosa, anaumia. Anayemwambia Tajiri "samehe tu" amwambie pia kwamba anamwomba atoe kitu halisi.

Tena kuna waraka wa Paulo kwa Filemoni. Onesimo, mtumwa wa Filemoni, alikuwa ameondoka kwa bwana wake, na inaonekana kulikuwa na hasara. Paulo, aliyemzaa katika imani akiwa kifungoni, hakuandika kwamba neema imefuta. Aliandika, "ukiandike hicho juu yangu", na kwamba yeye mwenyewe atalipa.

#28 Kijana wa Kirumba

Mkuu, hapo umemaliza! Aliyemwongoa ndiye alipe. Katekista, jumuiya zenu zina akiba. Mashine ya farasi 15 mwaiweza.

#29 Katekista Mstaafu

Kijana, jumuiya yetu imeshindwa kumaliza mchango wa bati la kigango, nawe unatupa mashine. Hata hivyo nitalifikisha, kwa maana Paulo amenibana.

#30 Tajiri wa Igombe

Nawashukuru nyote, hasa Mwana Ukara na Mama wa Mabatini. Niongeze mawili ambayo mmeyauliza.

Ni kweli kijana anafanya kazi. Anashona nyavu kwenye kambi ya mtu mwingine, na analipwa kidogo. Baada ya bandiko la Binti wa Muleba nilimpigia yule mwenyekiti. Alikaa kimya kwenye simu, kisha akasema kwamba hawakuwa wamelizungumza suala la malipo hata kidogo, walizungumzia toba tu. Jana kijana alikuja peke yake, akasema yuko tayari kushona nyavu zangu bila ujira katika kila kipindi cha mbalamwezi hadi nitakaposema basi.

Mke wangu hataki. Anasema hawezi kumwona uani kwake kila mwezi, na kwamba kumsamehe alikwisha kumsamehe, lakini kumpikia chai ni jambo jingine. Mimi nimeomba siku chache.

#31 Mama wa Mabatini

Mwache mama achukue muda wake. Nyavu zinaweza kupelekwa kambini, asishonee uani.

#32 Mzee wa Makongoro

Naunga mkono. Ila Tajiri, andikeni kiasi na mwisho wake. "Hadi nitakaposema basi" si malipo, ni utumwa, na tumekwisha kumtaja Newton.

#33 Hesabu Kwanza

Kwa mara ya kwanza ninakubaliana na mzee wa kanisa. Bado sijaona ushahidi kwamba ni sala iliyofanya haya.

#34 Mlokole wa Pasiansi

Wewe tutakuombea bila kukuambia, ili usiingie kwenye ile asilimia 59.

#35 Mwenyeji wa Butiama

Mna habari kwamba wote mmemsahau mtu mmoja? Mashine haikuuzwa kwa samaki. Kuna mtu visiwani aliyeinunua kwa bei ya kutupa, usiku, bila risiti, akijua vizuri kwamba kijana wa kambi hamiliki mashine, na huenda hadi sasa inamwingizia dagaa kila giza. Huyo naye anasali wapi?